Ombi la Kukamatwa Kabla ya Jumamosi

Gerishon Muchiri, mwenye duka,
Mtaa wa West Indies, Eldoret.
14 Agosti 1990

Kwa Mkuu wa Kituo cha Polisi,

Mheshimiwa, pokea salamu za raia mtiifu. Naandika kwa uchungu kulalamika kwamba polisi wako hawajanikamata.

1. Mwezi jana waliingia dukani kwangu wakawabeba watu watatu waliokuwa wakisikiliza habari za vyama vingi: Ephantus wa bucha, Phineas kinyozi, na Abdi wa lori, ambaye alikuja tu kununua chumvi. Redio ni yangu. Betri ni zangu. Aliyeongeza sauti ni mimi. Redio ikakamatwa, mimi nikaambiwa nifunge duka vizuri kwa sababu wezi ni wengi.

2. Tangu siku hiyo mtaa mzima unasema mimi ndiye niliyewauza. Mke wa Ephantus anavuka barabara mbili kutafuta sukari ili asinione. Kanisani naachiwa benchi zima. Mheshimiwa, inauma. Sijamuuza mtu.

3. Jumamosi wazee wa upande wa mchumba wanamletea binti yangu Nyakio mahari. Desturi yetu ni kuuliza majirani kwanza habari za boma la msichana. Wakiuliza, uchumba umekwisha, na mtoto wangu hana kosa.

4. Tunasikia siku hizi mmeagizwa muwe marafiki wa raia. Sawa. Rafiki humfaa mwenzake wakati wa shida.

Kwa hivyo naomba nikamatwe Ijumaa saa nne asubuhi, watu wakiwa wengi barabarani. Askari wawili wanatosha, ila wapige kelele. Kofi moja nitavumilia, mradi lisiwe upande wa jino bovu. Mniachilie jioni, maana pombe ya muratina ya wageni haijichuji yenyewe.

Nisalimie askari wote, wa zamu na walio likizo, pamoja na mama watoto.

Anayesubiri pingu kwa heshima,
Gerishon Muchiri

N.B. Mheshimiwa, msije. Wazee wamefika leo, kabla ya siku yao, mama wa kijana akilia. Jana mlimkamata Zachariah, mchumba wa Nyakio. Wameuliza majirani, wakaambiwa mimi ni mtu wenu, na ndiyo sababu wamekuja mbio, nimtoe. Nyakio alikuwa akiniangalia. Nimewaambia ni kweli. Tafadhali mwachilie kijana, na mtu yeyote akiuliza, semeni tumefanya kazi pamoja miaka mingi.