Ombi la Kumteremsha Tunu Kutoka kwenye Mawimbi ya Mabingwa

Nurdin Mwinshehe,
Tegeta, Kinondoni.

Kwa Mama Mkwe wangu, Bi. Mwanakombo,
Mtoni, Temeke.

Mama, shikamoo.

Ningepiga simu, lakini kila nikipiga unaanza kucheka kabla sijafika kwenye shida yenyewe, kisha unasema mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao. Naomba uisome ukiwa umekaa, na ikiwezekana usiisome kwa sauti mbele ya shangazi zake Tunu.

Mama, uliponioza Tunu ulinikabidhi mwanamke mtulivu, mwalimu wa chekechea, anayeogopa hata mende. Nilimpokea hivyo. Leo nina mke ambaye kila Jumamosi anabeba ubao mrefu kuliko kitanda chetu na kwenda kusimama juu ya bahari. Sisemi kando ya bahari. Juu yake.

Ilianza hivi. Daktari aliniambia presha imepanda, nitafute mazoezi. Nikasikia kwamba pale Mtende, kijiji cha wavuvi huku chini kwetu, kuna dada anaitwa Lusungu anayefundisha watu kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Huyu Lusungu ni mtu wa Iringa, Mama. Kwao bahari wanaiona kwenye kalenda. Nikasema, sie watu wa pwani itatushindaje? Nikaenda, na Tunu nikamchukua aje anishikie nguo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bahari ya Mtende imegawanywa bila kushirikisha wakuu wa kaya. Wameweka vibao vitatu. Kisimani, penye maji ya kiunoni na mchanga mtupu, ni pa wanaoanza. Mlangoni, pale mwamba ulipoachia nafasi, ni pa watu wa kati. Nje kabisa, mawimbi yanapovunjikia juu ya mwamba, wameandika MABINGWA. Nilimweleza Lusungu kwa heshima kwamba mie ni mtu mzima, nina nyumba, tena ni katibu wa kamati ya msikiti, hivyo anipeleke Mabingwa moja kwa moja. Akaniangalia tumbo. "Braza, anzia Kisimani," akasema. "Na sista naye aingie, asikae bure."

2. Siku hiyohiyo Tunu alisimama. Alianguka, akacheka, akapanda tena, akaja na wimbi mpaka mchangani, mtandio wake kichwani. Mie nilikunywa maji mengi ya chumvi, na chumvi ndiyo hasa daktari aliyonikataza.

3. Haukupita muda akapandishwa Mlangoni, kisha Mabingwa. Mie nimebaki Kisimani na wanafunzi wa darasa la pili, pamoja na bibi mmoja Mholanzi mwenye goti la chuma. Bibi huyo naye juzi amepandishwa. Tuliagana vizuri. Hapo Mtende sina jina tena. Naitwa "mume wa yule bingwa", na wauza pweza wanauliza kama huwa ananipikia au napika mwenyewe. Napika mwenyewe Jumamosi tu, Mama, lakini siwezi kumweleza hivyo kila mtu.

4. Nilifuata utaratibu. Nilimwita Mjomba Mashaka kutoka Kipawa aje atusuluhishe. Alifika na kofia yake na bakora, amekasirika vizuri kabisa. Nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki ufukweni ajionee. Tunu akalidaka wimbi kubwa, akainama, akapinda nalo upande wa kushoto. Mjomba akapanda juu ya kiti. "Huyo! Huyo! Mkwe wetu huyo!" akapiga kelele mpaka mguu wa kiti ukavunjika. Kikao kiliahirishwa. Tangu hapo anakuja kila Jumamosi, na mie ndiye ninayemlisha.

5. Hili naliandika kwa uchungu. Niliamua kumfuata hukohuko Mabingwa nimwamuru arudi nyumbani, kwa kuwa mume hahitaji ruhusa ya Lusungu kumwendea mkewe. Mkondo wa mwamba haukulijua hilo. Nilikuwa bado naandaa maneno ya kwanza ya amri, wimbi likanifunika. Nikaibuka, likanifunika jingine. Mama, hapo sikuwa tena katibu wa kitu chochote. Nilimwita mwanao kwa lile jina ninalomwita tukiwa wawili tu. Akaja. Akanilaza kifudifudi juu ya ubao wake kama gunia la mkaa, akaniambia, "Mume wangu, funga mdomo, pumua kwa pua." Nikafunga. Ufukweni walikuwepo wavuvi, wauza pweza, Mjomba Mashaka na mteja wangu wa udalali aliyekuja nimwonyeshe kiwanja. Wote walipiga makofi. Si mie niliyepigiwa.

Nyumbani alinikanda mgongo kwa mafuta ya nazi, taratibu, kisha akaenda kuanika nguo zangu. Ningepigiwa kelele ningejua la kujibu.

Kutokana na hayo, naomba unisaidie lolote kati ya haya. Umwamuru Tunu ashuke Kisimani, akae nyuma yangu kidogo, hata kwa kujifanya. Ikishindikana, uzungumze na Lusungu nipandishwe kwa kuangalia umri wa ndoa yetu. Katika ofisi nyingi ninazozungukia na karatasi za viwanja mtu hupanda cheo kwa kukaa, si kwa kuweza, na sijaona aliyezama. Hilo nalo likishindikana, basi vibao vibadilishwe: Kisimani paandikwe MABINGWA, na kule nje paandikwe WANAOANZA. Mwenyekiti wetu wa mtaa nimeshamdokezea, na wazo amelipenda sana. Anasema ndivyo walivyomaliza tatizo la barabara yetu: mashimo yapo vilevile, ila siku hizi inaitwa barabara kuu.

Nisalimie Baba, shangazi wote bila kumbagua hata yule anayenikonyeza, Zubeda na wanawe, na jirani yenu Margareta, ambaye najua ameshasikia yote.

Ni mie mkweo mtiifu, ninayeelea kwa shida,

Nurdin.

N.B. Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Leo asubuhi mawimbi ya nje yalikuwa mazuri kuliko siku zote, lakini Tunu hakwenda. Bila kuambiwa na mtu alikuja Kisimani, akasimama kwenye maji ya kiunoni katikati ya wale watoto, akanishikia ubao kwa nyuma. "Usitazame maji," akaniambia. "Tazama minazi ile." Akasukuma. Mama, nilisimama! Niliona mapaa ya Mtende yote, na nyuma yangu nikamsikia mwanao akipiga vigelegele kama yuko harusini. Kwa hiyo maombi yangu yote yafute. Usimwambie ashuke, wala vibao visiguswe. Nilianguka, ndiyo, lakini safari hii nilianguka kutoka juu.