Jogoo wa Mradi na Mgeni wa Heshima

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Leo jogoo amenivua nguo mbele ya mgeni. (Ni msemo tu, kanzu ninayo.) Na huyo jogoo mwenyewe, wakati ananivua, alikuwa ameshaiva.

Mnamjua mjukuu wangu Zaituni, yule aliye mwaka wa mwisho chuoni hapa Kakamega. Anasomea mageuko ya viumbe, yaani jinsi wanyama wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi. Alipoanza, kuna mwenzetu aliniuliza baada ya swala, "Mzee, ni kweli mtoto anafundishwa kuwa tumetoka kwa nyani?" Nikamjibu, "Nyani bado sijamwona. Mpaka sasa ameniomba kuku."

Na kweli alikuwa ameniomba kuku. Swali la mradi wake lilikuwa moja: kwa nini kuku wetu wa kienyeji ni wadogo, na wanaendelea kuwa wadogo? Akamchagua jogoo mmoja mwekundu, mkubwa, akamvisha pete ya kijani mguuni. Kila wiki alimpima uzito, yeye na watoto wake. Sisi tulimwita Chifu, kwa sababu alikuwa akivuka uwanja kama anayekwenda kufungua baraza.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mhadhiri wake kuja kukagua. Ni mama mmoja mpole, wanafunzi wanamwita Daktari tu. Akiridhika, Zaituni anaandika ripoti na kumaliza masomo. Asiporidhika, mtoto anarudia mwaka mzima. Mambo yalikuwa mazito hivyo, na mimi nikayaingilia kwa miguu yote miwili.

Asubuhi Zaituni alitoka kwenda barabarani kumpokea mgeni. Mimi nikaingia jikoni kuuliza tunapika nini.

"Nyama," akasema mke wangu, Mama Hamisi. "Nimetoa bucha."

Ndugu zangu, nilishika ukuta. Mwalimu wa chuo kikuu aje kwangu mara ya kwanza, ale nyama ya bucha? Kwetu sisi, mgeni ambaye hakuchinjiwa kuku ameambiwa kwa adabu asirudi tena!

"Basi chinja yule mweusi," akasema.

Nikaenda kumtazama yule mweusi. Maskini, alikuwa mwembamba hata ungedhani amefunga Ramadhani peke yake mwaka mzima. Nikainua macho. Chifu akapita, kifua mbele.

"Huyo ni wa mtoto," akasema Mama Hamisi bila hata kugeuka. (Mwanamke akiishi na wewe miaka mingi, anakuona kwa kisogo.)

"Mtoto jana alisema amemaliza kupima."

"Kumaliza kupima si kumaliza kufuga."

"Mama Hamisi, mimi nimesoma."

Ni kweli nimesoma. Nimesoma Kurani na fikihi, namshukuru Mola kwa walimu walionivumilia. Kuhusu mradi wa jogoo sikuwa nimesoma hata mstari mmoja.

Nikapiga Bismillah. Chifu akaenda. Ile pete nikaikata taratibu nikaitia mfukoni, maana ni mali ya chuo, na amana hurudishwa kwa mwenyewe. (Mnaona jinsi nilivyo mwaminifu!)

Zaituni na mgeni wakafika karibu na adhuhuri. Zaituni alitaka waende moja kwa moja bandani.

"Haiwezekani," nikasema. "Hakuna mtu anayefanya kazi kwangu na njaa."

"Babu, ni dakika kidogo tu."

"Kuku hawakimbii, mjukuu wangu. Ugali unapoa."

Tukaketi. Mama Hamisi akaweka bakuli mezani, akaniangalia jicho moja. Zaituni akachukua paja. Akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule.

"Babu, huyu mweusi alinenepa lini?"

"Baraka," nikasema. "Kula."

Kisha nikafanya jambo ambalo marehemu baba yangu asingeamini. Nikachukua imondo, ile firigisi ambayo kwetu hupewa mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote, nikamwekea Daktari kwenye sahani yake. Zamani mwanamke hata mchuzi wa kuku hakuonja!

Daktari akashika kifua. "Mzee! Imondo, mimi? Baba yangu mzazi hajawahi kunipa."

Hapo kichwa kikavimba. Ningenyamaza, ningekula kwa amani. Sikunyamaza.

"Daktari," nikasema, "katika boma hili mgeni hapewi kuku wa kubahatisha. Tangu enzi za babu yangu, mgeni akija tunaangalia jogoo mkubwa kuliko wote. Huyo ndiye anayechinjwa."

Daktari akaacha kutafuna. "Mkubwa kuliko wote?"

"Kabisa."

"Kila mgeni akija?"

"Kila mgeni. Sisi si wachoyo."

"Na wadogo?"

"Wadogo wanabaki na matetea."

"Kwa hiyo hao wadogo ndio wanaozaa?"

"Sasa nani mwingine azae, Daktari, na wakubwa wameliwa?"

Akamgeukia mjukuu wangu polepole. "Zaituni, hebu nikumbushe. Swali la mradi wako lilikuwa nini?"

"Kwa nini kuku wa kijijini ni wadogo," akasema Zaituni, sauti imeanza kushuka.

Mama Hamisi akakohoa kidogo, kikohozi kisicho na mafua.

"Basi twende tumwone huyo jogoo wako," akasema Daktari.

Zaituni akatoka mbio. Tukamsikia huko nyuma akiita, "Kuru-kuru-kuru!" Mimi nikatazama sahani yangu. Hapo hata mfupa haukuwepo, maana meno yangu bado ni mazima, alhamdulillah. Mtoto akaita tena. Akarudi, akasimama mlangoni.

"Babu. Chifu yuko wapi?"

Nikaingiza mkono mfukoni. Nikaitoa pete ya kijani, nikaiweka mezani kando ya pilipili.

"Amana yenu," nikasema.

"Mimi nilisema!" akalia Mama Hamisi. "Huyu mzee namwambianga, hasikii!"

Daktari akaitazama pete. Akaitazama firigisi, nusu yake imeshaliwa. "Mzee," akauliza, "ina maana nimemla mtahiniwa?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Zaituni alikuwa amejaa machozi. Ndugu zangu, aibu yangu niliisahau pale pale. Nikavua kofia. "Daktari, kosa ni langu peke yangu. Kama kuna mtu wa kufeli, nifeli mimi. Mtoto huyu ameamka kila alfajiri kwa kazi hii. Usimrudishe nyuma kwa ulafi wa heshima wa babu yake."

Daktari akamvuta Zaituni akaketi karibu naye. "Usilie. Niambie, aliacha watoto?"

"Bandani wamejaa. Wote nimewapima. Vijogoo vyake vinawapita wenzao wote wa rika lao."

"Basi katika somo letu huyu hajashindwa. Aliyeacha uzao imara ameshinda, hata kama yuko kwenye mchuzi." Kisha akanigeukia, na sasa alikuwa akicheka mpaka amevua miwani. "Lakini ripoti yako ilikuwa na pengo, Zaituni. Umeeleza kuku wanabadilika. Hukueleza nani anawachagua. Leo tumekula pamoja naye. Mhoji!"

Nikahojiwa, ndugu zangu, ndani ya nyumba yangu, simu imewekwa mbele yangu inanasa sauti.

"Taja jina lako."

"Zaituni, jina langu hulijui?"

"Babu, hii ni sayansi. Taja jina."

Nikataja. Nikataja na majogoo niliowachinja tangu nilipooa, mmoja mmoja, na wageni waliowala. Mama Hamisi akawa ananisahihisha kutoka jikoni kwa furaha ambayo sijamwona nayo siku nyingi.

Jioni hii Zaituni amenisomea sehemu mpya ya ripoti, na Daktari ameshaikubali kwa simu. Namshukuru Mungu, mtoto atamaliza na wenzake. Kuna sentensi moja inaeleza maadui wa jogoo mkubwa katika mazingira yetu: mwewe, kicheche, ugonjwa wa kideri, na babu.

Tafadhalini msicheke. Anayetaka kuja kunipa pole, karibu sana nyumbani, maharagwe yapo.