Jiwe la Sanduku la 88

Jumatatu, 3 Juni

Ijumaa mkurugenzi anateua mkuu wa ghala la sampuli za miamba. Tuko wawili: mimi, miaka tisa humu ndani, na Miwani, miaka miwili na kalamu za rangi. Namhurumia kwa dhati.

Leo Bi Mawe, mtaalamu wetu wa miamba, ameleta masanduku ya mawe yaliyotolewa katika shimo moja refu. Meusi, yamepangwa kwa kufuata kina yalikotoka. Nikamuuliza ni mawe gani. Akasema zamani mno palikuwa na ziwa lililotulia. Vijimea vyake vikafa, vikazama pasipo na hewa, kwa hiyo havikuoza vyote. Tope likavifunika, tope juu ya tope, mpaka likawa jiwe. Jiwe likididimia zaidi, joto la ardhini hulipika taratibu hadi litoe mafuta. Lisipofika chini vya kutosha hubaki bichi. Nikauliza kupika huko huchukua muda gani. Mamilioni ya miaka, akasema, mvumilivu hula mbivu.

Mimi nina hadi Ijumaa. Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mkurugenzi atayakuta mafuta mezani. Miwani aweke kalamu.

Jumanne, 4 Juni

Nimechukua kipande kimoja, urefu wa kidole. Sanduku la 88, mita 2,140. Chaguo la kisayansi: la chini limeshaanza kuiva, litapunguza mkaa. Pengo nimeliziba kwa kipande cha sanduku la 3, mita 310. Rangi ile ile. Jiwe halina cheti cha kuzaliwa.

Jumatano, 5 Juni

Jaribio la kwanza, sufuria ya presha ya mke wangu. Saa mbili nzima jikoni. Mpira wa kifuniko umeyeyuka, jiwe halijatoa hata jasho. Mama mkwe akauliza kwa upole kama kuna kitu kimefia darini. Mke wangu ameipakata sufuria kama mgonjwa.

Shemeji, fundi wa kuchomelea, alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, hiyo ni ya maharage. Jiwe linataka moto wa kwangu."

Nikakumbuka masomo ya sekondari: kisichopata hewa hakiungui. Nimemchorea bomba. Amekiri mchoro ni safi.

Alhamisi, 6 Juni

Jiwe ndani ya bomba, bomba limezibwa, mrija mwembamba hadi kwenye chupa iliyokaa katika maji baridi. Bomba likawa jekundu. Uvundo wa tairi. Majirani wakafunga madirisha. Halafu tone. Tone la pili! Kahawia, zito, lanukia ushindi. Jumla: vijiko viwili.

Dunia ilihitaji mamilioni ya miaka. Mimi na shemeji, dakika arobaini.

Ijumaa, 7 Juni

Kikao. Niliweka chupa mezani kabla Miwani hajafungua daftari. Mkurugenzi akainusa, akasimama, akanipa mkono. Cheo nilikuwa nacho mfukoni.

Bi Mawe naye alikuwa na habari. Asubuhi ametuma taarifa makao makuu: kwenye mita 2,140, katikati ya mawe yaliyoanza kuiva, amekata kipande akakipima, akakikuta kibichi kabisa. Historia nzima ya bonde lile itabidi iandikwe upya. Mkurugenzi akafurahi mara mbili, kisha akauliza jiwe langu ni la kina gani.

Kumbukumbu zangu huwa kamili. Nikafungua daftari nikamsomea: sanduku, mita, saa niliyochukua, na kipande nilichozibia.

Bi Mawe akalivuta daftari langu akasoma mwenyewe. "Yaani nilichokikata mimi ni cha mita mia tatu na kumi?"

Nikamthibitishia. Sikutaka abaki na shaka.

Miwani ndiye mkuu wa ghala. Bi Mawe anaandika barua ya kujikanusha. Mimi nitayafuta vumbi masanduku yote, mia mbili na kumi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimelichambua kosa kwa utulivu. Liko moja tu: nilichukua kipande. Kipande huacha pengo, pengo hutaka kuzibwa, na kuziba ndiko kulikoniponza. Ningechukua sanduku zima, nani angejua?

Shemeji anasema bomba kubwa litakuwa tayari Jumatatu. Miwani bado hajakumbuka kunidai funguo.