Mtambo Usiokuwepo Uliomwona Abasi

Redio ya Bi Mwaisha ilikuwa haijamaliza taarifa ya habari ya mchana, na tayari Chumvi alikuwa amesimama juu ya benchi.

"Mmemsikia? Mmemsikia huyo msemaji au nimeota?"

"Shuka kwenye benchi langu," alisema Bi Mwaisha bila kuinua macho kutoka kwenye kashata zake. "Ukilivunja utakalia mkaa."

Chumvi alishuka. Ni fundi cherehani, na jina alilopewa na wazazi ni Stambuli, lakini hapo kijiweni nyuma ya soko la Mji Mpya hakuna anayemwita hivyo, maana habari ikipita mdomoni mwake haitoki bila kukolezwa. Safari hii hakuwa na haja ya kukoleza. Wote walisikia kwa masikio yao. Mtangazaji alimuuliza msemaji wa polisi kama ni kweli wana mtambo wa kunasa simu, unaojua kila simu imelala wapi na imeamka wapi. Msemaji akajibu kwa upole kabisa kwamba mtambo huo haupo, na kwamba wananchi waache kuuliza unavyofanya kazi.

"Haupo, na msiulize unavyofanya kazi!" Chumvi alipiga makofi. "Hiyo ni kama mke wangu kuniambia hakuna wali, halafu akae juu ya sufuria!"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Abasi peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni, kikombe cha kahawa kimempoa mkononi. Wenzake walikuwa na nafasi ya kucheka, yeye mtambo huo usiokuwepo ulikuwa umemwona.

Abasi anaitwa Kona, kwa sababu hakuna kona ya barabara ya milimani asiyoijua kwa pikipiki yake. Mwezi uliopita wezi walivunja ghala la mpunga Dumila. Siku chache baadaye polisi wakamfuata kwenye kituo chake cha bodaboda, wakamwambia simu yake ilikuwa karibu na ghala usiku ule ule. Sasa usiku ule Abasi alikuwa Matombo, kwenye arobaini ya mjomba wake, na kwa Mluguru ukoo ni wa mama, arobaini ya mjomba haikoswi. Alilala kwenye mkeka na binamu zake, wamebanana na mikungu ya ndizi. Alipowataja hao binamu kuwa mashahidi, akaambiwa ndugu hata ukiwauliza kuhusu mvua watasema inanyesha kwa faida yako. Akalala mahabusu, akatoka kwa dhamana, pikipiki ikabaki uani mwa kituo cha polisi. Leo alasiri alitakiwa kurudi na ushahidi wa mahali alipokuwa. Asipokuwa nao, jalada linakwenda mahakamani.

"Kona, hebu rudia walivyokujibu," alisema mwalimu Ernest, mwalimu mstaafu wa uraia ambaye hapo anaitwa Ibara, kwa sababu hata akinyimwa sukari hutafuta ibara ya katiba iliyovunjwa. Alikuwa anacheza drafti na Severin, vizibo vya soda vimepangwa mbele yao.

"Mwalimu, si nimeshasema jana?"

"Rudia. Inaniuma vizuri."

Abasi akashusha pumzi. "Nilimwambia, afande, naomba niione hiyo taarifa inayosema nilikuwa Dumila. Akasema haionyeshwi. Nikamuuliza imetoka wapi. Akasema kwenye vyanzo. Nikasema vyanzo gani? Akasema vyanzo ni vyanzo, kijana, usivichimbe."

"Hata Mto Morogoro tunakijua chanzo chake!" Chumvi alinyoosha kidole Uluguru, ambako mlima ulikuwa umevaa wingu mpaka kiunoni. "Kiko pale juu, ukitaka unakwenda unanawa uso!"

"Ngoja, halijaisha. Nikamuuliza, ni mtambo umeniona? Akasema mtambo haupo. Nikasema basi kama haupo nimeonwa na nani? Akasema hiyo ni siri ya upelelezi."

"Yaani mtambo ambao haupo," alisema Ibara polepole, kama anayewaandikia ubaoni, "umemwona mtu ambaye hakuwepo."

"Lisemwalo lipo," alisema Chumvi, "na kama halipo, limeshaagizwa liko bandarini. Mimi nimeambiwa na mtu mzito. Mtambo ule ukiuwasha pale Msamvu, unakujua wewe uliye Mzumbe umekula nini. Ukila maharage unaandika maharage."

"Kahawa yangu unaandika imelipwa au mkopo?" aliuliza Bi Mwaisha.

"Ya Chumvi haihitaji mtambo," alijibu mtu nyuma, wakacheka tena.

Severin hakucheka. Alisogeza kizibo chake, akaegemea nyuma, akapandisha suruali juu ya kitambi. Severin ni dalali wa mahindi, kila wiki yuko Dumila, na jina lake hapo ni Intelijensia. Neno hilo analitumia kwa kila kitu. Bei ya mahindi ikishuka, yeye alishajua kiintelijensia. Mvua ikinyesha, alishaambiwa kiintelijensia, ingawa huwa ameloa kuliko wote.

"Nyie mnaongea kishabiki," alisema. "Mambo ya usalama hayawekwi hadharani kama mitumba. Ukimwonyesha mwizi mtego, atanasa? Mimi nasema siku zote, asiye na kosa haogopi. Mimi waniangalie tu. Waniangalie nikila, nikilala, nikioga waniangalie."

"Ukioga hapana," alisema Bi Mwaisha. "Huo mtambo nao una roho."

"Cheka, Bi Mwaisha, lakini mtu safi anaogopa nini? Kona ni mdogo wangu, nampenda, lakini simu haisemi uongo. Simu yako ikisema Dumila, basi kuna Dumila ndani yake."

Abasi aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Kaka Severin, unamaanisha mimi mwizi?"

"Sijasema. Nimesema kiintelijensia."

"Kiintelijensia ndiyo nini? Pikipiki yangu imekaa pale kituoni inaota kutu! Watoto wangu wanakula kwa pikipiki ile!"

"Tulieni," alisema Ibara. "Severin, jibu hili moja. Wao wakitaka kujua wewe umelala wapi, ni usalama. Wewe ukitaka kujua wamejuaje, ni uchochezi. Sawa hiyo? Mimi na huyu kijana tumeandika ombi rasmi. Ipo sheria ya mwananchi kupata taarifa, imepitishwa na bunge, mimi sijaitunga. Tukaomba waseme tu, wana kifaa au hawana, na kama wanacho nani anawaruhusu kukiwasha. Basi!"

"Wakajibu?"

"Walijibu. Kwamba ombi limepokelewa, na jibu lake ni la siri."

"Sasa kama jibu ni siri," aliuliza Chumvi, "mlijuaje kwamba lile ni jibu?"

"Lilikuwa na mhuri."

Bi Mwaisha akasonya. "Mficha uchi hazai. Wakimaliza kuficha watataka tuwapigie makofi."

"Haya, mimi nachukua tahadhari," alisema Chumvi, akachomoa simu yake na kuitumbukiza kwenye sufuria la Bi Mwaisha. "Kikulacho ki nguoni mwako. Wasikilize harufu ya masufuria."

Sufuria hilo lina sheria yake, na ni ya zamani kuliko mtambo wowote. Drafti ikichezwa, simu za wachezaji zinaingia humo na mfuniko unawekwa, kwa sababu zamani mtu akikaribia kufungwa alikuwa anajifanya kapigiwa simu ya msiba. Bi Mwaisha huzichaji humo humo, pamoja na za wateja wengine, kwa waya mrefu unaotoka dukani. Na kwa kuwa karibu wote hapo wana vitochi, visimu vya vitufe vyenye tochi, vya aina moja, vyeusi, vyenye mfuniko wa betri uliolegea, huwafungia rababendi zile zile anazofungia mifuko ya kashata. Kwa hiyo ukifunua sufuria, utadhani simu zimezaliwa tumbo moja.

"Na mimi nawaambia hivi," Severin hakuwa amemaliza, "msinifundishe habari za Dumila. Usiku ule wa wizi nilikuwepo. Nililala kwenye fuso, jirani kabisa na lile ghala, nasubiri mzigo wangu upakiwe. Niliona kila kitu kwa macho yangu."

"Uliwaona wezi?" Abasi aliruka.

"Wezi sikuwaona. Nilikuwa nimelala. Lakini niliamka nikamulika huku na huku kwa kitochi changu. Mimi kile kisimu ni cha tochi na redio tu, sipigi, sipigiwi, biashara zangu zipo kwenye simu kubwa. Nikamulika, nikaona kimya, nikasema nisikilize redio." Aliinuka, akafunua sufuria, akapekua, akatoa kitochi kimoja na kukiinua juu. "Hiki hapa. Nimemulika nacho Dumila nzima. Na kilinitia hasira usiku ule, nabonyeza nibadili stesheni, kumbe kitufe cha tano kimeng'oka, ona, pengo tupu..."

Abasi alisimama taratibu.

"Kaka, hebu rudia."

"Kitufe cha tano hakipo. Sijui kiling'okea wapi, mwanzoni kilikuwepo."

"Kilitafunwa na mwanangu," alisema Abasi. "Mwezi wa mfungo. Tulikipata kwenye nepi."

Ibara alivua miwani. Bi Mwaisha akaingiza mkono kwenye sufuria, akatoa kitochi kingine chenye rababendi, akakigeuza, akahesabu vitufe kwa ukucha. Vyote vilikuwepo.

"Yesu na Maria," alisema Ibara.

"Siku naondoka kwenda Matombo nilipitia hapa," Abasi alisema. "Nikachukua simu sufuriani mbiombio, abiria ananisubiri. Huko juu ikawa imezima, na kwa mama hakuna umeme, nikaiacha mfukoni. Niliporudi nikaja moja kwa moja hapa, nikamwambia Bi Mwaisha nichajie."

"Nikaitia humo," alisema Bi Mwaisha. "Na huyu naye aliporudi kutoka Dumila akatia yake humo."

"Kila mtu akajiokotea yake bila kujua!" Chumvi alishika kichwa. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na habari isiyohitaji chumvi hata chembe, na hakujua la kuifanya.

Abasi alitaka kulia, alitaka kucheka, alitaka kumkumbatia Severin na kumkaba koo, vyote kwa pamoja. Kumbe ushahidi wake ulikuwa hapo kila siku, unakula kashata na kumwambia simu haisemi uongo.

"Basi yameisha!" Ibara alipiga meza, vizibo vikaruka. "Severin, unakwenda naye kituoni sasa hivi. Unasema simu nilikuwa nayo mimi. Pikipiki inatoka."

Severin alikuwa bado ameshika kitochi. Alikitazama kama aliyekabidhiwa nyoka.

"Niende... niseme nilikuwa pale?"

"Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Lakini hilo ni jambo langu. Mwalimu, wewe unajua sheria. Mahali mtu alipolala si ni siri yake? Hakuna ibara?"

"Ibara ya kumi na sita," alisema Ibara kwa utamu wote wa pensheni yake. "Faragha ya mtu. Jana uliiita ibara ya wahalifu."

"Sasa wakiniuliza nililala na nani kwenye fuso? Wakisema mimi ndiye mwizi? Kwanza nitajuaje mtambo wao umeandika nini juu yangu? Lazima wanionyeshe kwanza! Mtu hawezi kushtakiwa na kitu asichokiona!"

"Allahu akbar," alisema Chumvi. "Amesilimu."

"Mkuki kwa nguruwe," alisema Bi Mwaisha, hakuimalizia, akampa kila mtu nafasi ya kuimalizia moyoni.

Hapo kitochi kikalia mkononi mwa Severin. Alikirusha kama kaa la moto, Abasi akakidaka na kubonyeza. Kitochi hicho huongea kwa sauti kubwa hata usipotaka, kwa hiyo kijiwe kizima kilisikia.

"Abasi! Uko wapi wewe?"

Wote walitazamana. Chumvi alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Afande, shikamoo. Si mtambo unaniona?"

"Mtambo gani? Hakuna mtambo. Nakuuliza uko wapi, tunakusubiri. Ushahidi wako umepata au hujapata?"

Abasi alimtazama Severin, ambaye alikuwa amepiga magoti, anapapasa chini ya benchi.

"Nimeupata, afande. Ninao hapa. Unatafuta kandambili zake."

Simu ikakatika. Severin aliinuka na kandambili moja, jasho linamchuruzika. Hakuna aliyemsukuma. Walimwangalia tu, wote, kimya, kama alivyosema aangaliwe. Aliangaliwa akivaa, aliangaliwa akijifuta uso, na ilionekana wazi kwamba hakuizoea hali hiyo.

"Kaka," alisema Abasi, na safari hii bila hasira. "Watoto wangu wanakula kwa pikipiki ile."

Severin akaipata kandambili ya pili. "Twende basi," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini mwalimu twende wote. Na hizo ibara zako zote uje nazo."

Ibara alikuwa ameshavaa koti. Chumvi naye aliacha kahawa nusu, maana habari hiyo asingekubali kusimuliwa. Walipofika pembeni ya ukuta wa soko, Severin akageuka, akarudi mbio, akachomoa simu yake kubwa aliyokuwa ameificha mfukoni, akaitia kwenye sufuria na kuifunika kwa mfuniko, na juu ya mfuniko akaweka jiwe la kuzuia upepo.

"Bi Mwaisha, shikamoo yako. Mtu yeyote akija kuuliza nimekwenda wapi, mke wangu, wa Dumila, yeyote yule, hujui kitu. Sawa?"

Bi Mwaisha alikung'uta unga wa kashata mikononi.

"Niulizwe mimi, baba? Sijakuona. Mimi mtambo sina."