Njia ya Kwenda Kitanda cha Jitu

Jumatatu, 6 Mei

Mama amenishtua kabla sijamaliza yai. Jumapili anatimiza miaka themanini na minane. Hataki keki. Hataki maua. Anataka kupelekwa juu, kwenye Kitanda cha Jitu.

Kitanda cha Jitu! Kaburi la mawe la watu wa kale, juu kabisa ya kilima, na nyonga ya Mama haijapanda huko mwaka wa saba sasa. Nikamkumbusha habari ya nyonga. Akasema nyonga ni yake, anaijua.

Kisha akaongeza, huku anapaka siagi, kwamba njia rahisi inapita uani kwa Bi. Coker, mle mle trekta linamopita. Niende tu nikamwombe anifungulie lango.

Nikasema sitakwenda. Nina msimamo wangu. Miaka miwili iliyopita nilimwandikia Bi. Rosalind Coker barua ya kurasa nne kulalamikia bata bukini wake, nakala kwa baraza la kijiji. Alinijibu kwa chupa ya jamu ya plamu. Jamu! Mtu anakuandikia kurasa nne, wewe unamletea jamu. Sikuigusa. Nilionja tu, mara tatu, kuhakikisha.

Ipo njia ya waenda kwa miguu, ya umma, inazunguka mashamba yake. Sheria iko upande wangu. Tatizo ni vipandio vitatu vya mbao vya kuvukia ua. Lakini Mama ni mwepesi. Nina akili. Nina toroli.

Jumanne, 7 Mei

Majaribio. Nilipakia gunia la viazi kwenye toroli, uzito wa Mama, pamoja na kofia yake ili nisisahau ni nani ninayembeba.

Kilima ni kikali kuliko kinavyoonekana dirishani. Kipandio cha kwanza nikakikuta kirefu kuliko nilivyokikumbuka. Nikainua toroli. Likakwama. Nikalivuta kutoka upande wa pili. Nikakwama mimi.

Hapo ndipo alipotokea Barnaby Stroud na kundi lake la watembeaji wa Jumanne. Wote kumi na wawili! Fimbo, kofia, ramani zimening'inia shingoni. Barnaby akaniuliza, kwa ile sauti yake ya mhubiri, kama ninahama. Wakacheka wote. Nikageuka nimjibu, toroli likapinduka, na “Mama” akabiringika mteremko mzima hadi kwenye shayiri ya Bi. Coker.

Wenyewe wakaendelea na safari yao. Bi. Coker akaja na ndoo. Akainama, tukaokota pamoja, kiazi kimoja kimoja. Akauliza Mama anaendeleaje. Nikamjibu kwa ubaridi unaostahili. Alikuwa na unyasi umenasa kwenye nywele. Sikumwambia. Mpaka sasa sijui kwa nini naukumbuka.

Nikamsimulia Mama maafa yote. Akauliza Rosalind alivaa nini. Nikamwambia sweta ya buluu, iliyotoboka kiwiko. Akaitikia kwa kichwa kama daktari aliyepata jibu la vipimo. Uzee huo.

Jumatano, 8 Mei

Mpango wa pili, bora zaidi. Nimeamua kumtumia Barnaby.

Jumapili hii kundi lake lina safari ya ziada: linapanda Kitanda cha Jitu. Miguu ishirini na minne! Kiti kimoja, miti miwili, Mama anabebwa kama malkia. Nikaenda kwake na zawadi ya amani: nitanyamaza kuhusu kibao cha njia, kile alichokisimika hatua sita kushoto kuliko inavyopaswa, na ambacho nimekipigania tangu vuli.

Barnaby akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema kundi lake lina watu watatu wenye vifaa vya kusaidia moyo na mmoja mwenye jicho la kioo, na hakuna atakayebeba hata mfuko wa mwenzake.

“Lakini mzee mwenzangu,” akasema, “si umwombe tu Rosalind? Mtu mwenyewe roho yake nyeupe.”

Nikamwambia haelewi siasa za kijiji hiki. Akasema ameishi hapa miaka sitini. Nikamwambia ndiyo maana haelewi.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua. Kilima kimepotea kwenye ukungu.

Mama alipiga simu kwa Bi. Coker, ati anauliza mapishi. Saa nzima! Mlango umefungwa. Nilipita mara nne na sikusikia neno moja la unga wala chumvi. Nilisikia kicheko. Mara moja nikasikia jina langu, halafu kicheko kirefu zaidi.

Nilipouliza ni mapishi gani, Mama akasema ni ya nyama ngumu: inahitaji moto mdogo na subira.

Tutakula nini, sijui. Sijaona nyama yoyote.

Ijumaa, 10 Mei

Mpango wa tatu. Kuupata ufunguo wa lango bila kuomba. Kwanza, upelelezi: unatundikwa wapi?

Nikapita njia ya umma, ile inayogusa ukingo wa ua wake. Nilivaa kofia ya mgeni na kushika ramani. Nilikuwa nimejifanya mtalii barabara kabisa, hata nilisimama kupiga picha ya kondoo.

Bata bukini hawakudanganyika. Walikuja sita, shingo chini kama nyoka. Nikaruka ua, nikapanda tela la trekta lake. Suruali ikabaki kwenye seng'enge, sehemu yake ya muhimu.

Bi. Coker akatoka, akasimama mikono kiunoni.

“Shuka, Desmond. Hawamgusi mtu asiyekimbia.”

“Sikimbii. Natalii.”

“Haya, mtalii, karibu ndani. Upepo unakuchungulia.”

Nikakaa jikoni kwake nimejifunga blanketi huku yeye anashona suruali yangu. Chai. Keki ya tangawizi, bado ya moto. Na ufunguo ule pale! Kwenye msumari, karibu na mlango, mkubwa, mweusi!

Nikasema nitulie, ningoje ageuke. Lakini alikuwa anazungumza. Kuhusu marehemu mumewe, Giles, mwaka wa nne sasa. Kwamba mchana unapita, ila jioni nyumba nzima inasikika saa ya ukutani peke yake. Nikamwambia saa ikipiga kelele hivyo inataka mafuta. Akaniangalia kidogo, akaendelea kushona.

Kisha akaniletea mwanakondoo aliyeachwa na mama yake, sikio moja jeusi, akanipa chupa nimnyonyeshe. Kumbe wananyonya kwa nguvu namna ile! Mkia unazunguka kama umetiwa betri. Tulicheka. Jua likageuka dirishani, sikuliona likigeuka.

Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka ufunguo. Adui amenipokonya akili kwa keki!

Jumamosi, 11 Mei

Imebaki siku moja. Nimeshindwa, nakiri, nikaketi kumwandikia Bi. Coker barua rasmi ya kuomba kupita. Rasimu ya tatu, bado sijatoka kwenye vifungu vya sheria.

Mama akaja na mkongojo wake, akaichukua karatasi, akaisoma yote. Akaikunja ndogo, akaiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba.

“Baba yako alikuwa hivi hivi,” akasema. “Miezi minane ananiuliza kama mvua itanyesha. Ananifuata hadi kule juu kwenye mawe, anaangalia mawingu, anarudi. Mwisho ikabidi nimwambie mimi.”

“Umwambie nini?”

“Ee Mungu wangu. Nenda kamwagilie kabichi, mwanangu.”

Mvua ilinyesha juzi, kabichi hazina kiu. Lakini nilikwenda. Nilipogeuka nilimwona dirishani anaangalia kilima, kofia ya safari tayari kichwani, siku nzima kabla. Kesho nitambeba mgongoni. Mpango wa nne. Liwalo na liwe.

Jumapili, 12 Mei

Saa tatu asubuhi, niko sakafuni nanyoosha mgongo, honi ikalia. Trekta! Rosalind usukani, nyuma yake tela limejaa majani makavu, na juu ya majani kiti cha sebuleni kimefungwa kwa kamba. Mama alishavaa koti. Alishavaa na viatu! Walikuwa wamepanga kwenye simu, wote wawili, nyuma ya mgongo wangu nilioutayarisha kwa bidii.

Nikapinga. Hakuna aliyesikiliza. Trekta linapiga kelele sana.

Tulipofika langoni nikashuka kwa heshima nikamwomba Rosalind ufunguo. Akasema halijawahi kuwa na kufuli. Ule wa jikoni ni wa kufungia piano.

Tukapanda. Shayiri inalala na kuinuka pande zote mbili, kondoo wanatupisha, Mama juu ya kiti anapungia mkono kila kondoo. Hatua za mwisho akakataa kubebwa. Akanishika mimi huku, Rosalind kule, tukaenda polepole mno, mpaka kwenye lile jiwe kubwa la mlangoni. Akaliwekea kiganja. Akakaa hivyo.

“Alisimama pale,” akasema, “na kofia yake ya kuazima.”

Sikuwahi kujua kwamba kofia ya baba ilikuwa ya kuazima.

Kisha akatufukuza. Ati anataka kukaa na mawe yake, sisi tukamtazame yule kondoo kule chini ana nini. Kondoo hakuwa na kitu. Tukasimama kwenye upepo, bonde zima chini yetu. Rosalind akaniuliza ninawaza nini. Nikasema kwamba kutoka hapa mtu anaona wazi kibao cha Barnaby kimekwenda hatua sita kushoto.

Alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Nikakaa na mimi. Sikuelewa kichekesho kiko wapi, lakini nilitamani nikiseme tena. Akaweka mkono juu ya mkono wangu. Ulikuwa wa baridi, kwa hiyo nikavua koti langu nikampa. Nikatetemeka mimi.

Barnaby akapita na watu wake. Akainua kofia. Akanikonyeza. Vumbi, nadhani.

Tukishuka, Mama alilia kidogo, akasema ni upepo. Akanishika mkono safari nzima kwenye tela hadi nyumbani, kama alivyonishika siku yangu ya kwanza ya shule.

Jumatatu, 13 Mei

Nikipima yote, safari ilifanikiwa kwa sababu ya usimamizi wangu. Bila msimamo wangu wa wiki nzima, Rosalind asingesukumwa kutoa trekta. Kuna watu lazima uwabane ili wema wao utoke.

Amekuja leo kurudisha koti. Alivaa sweta mpya. Akasimama mlangoni anazungushazungusha kifungo, akasema Alhamisi ana nafasi, na je, ningependa kutembea naye hadi kwenye magofu ya kanisa lile la kale bondeni. Sisi wawili tu. Atabeba chakula.

Nikaelewa mara moja. Maskini, hajui historia ya mahali pale, na anaona haya kusema. Nikamwambia asiwe na wasiwasi: nitamwalika Barnaby na kundi lake zima, watamweleza kila jiwe. Alinitazama. Akacheka tena vilevile, akasema haya, Desmond, Alhamisi. Mwanamke mchangamfu sana yule, ukimzoea.

Mama alikuwa nyuma ya mlango, amesikia yote. Akakaa kitini taratibu. Akanishika mashavu kwa mikono miwili.

“Desmond, mwanangu,” akasema, “Mungu akupe umri mrefu. Mrefu sana. Maana utauhitaji.”

Baraka za mama! Si kila mtu wa umri wangu bado anazipata. Moyo umejaa. Ngoja nimpigie Barnaby.