Trembath kwa Rangi ya Dhahabu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeapa. Hucknall, jina la Clive, mume wangu wa zamani, litatoka kwenye kadi yangu ya benki wiki hii! Jumamosi nakuwa mweka hazina wa klabu yetu ya bolingi, na jina langu litaandikwa kwa dhahabu kwenye ubao wa viongozi ukumbini, jinsi lilivyo benki. Baba yupo ubaoni tangu 1971: R. Trembath. Mimi nikae chini yake kama Hucknall? Thubutu!

Nimekwenda benki na amri ya talaka na cheti cha ndoa, kile chenye mawaridi alichotukabidhi mfungisha ndoa pale ufukweni. Dirishani nani? Lorelle, mke mpya wa Clive. Kasema hicho ni cha kutundika ukutani. Benki inataka cha msajili wa serikali. Miaka kumi na tisa kwenye fremu, nami nikidhani ni hati! Nikamwambia ana wivu tu. Akanijibu, "Wivu wa nini, bibie? Clive si ninaye mimi?" Foleni nzima ikacheka.

Jumanne, 4 Machi
Mbinu mpya. Kilomita tisini hadi tawi la mji wa pili. Cheti kilekile, miwani myeusi. Dirishani: Lorelle! Kamshikia mwenzake zamu. Kaniuliza kama miwani nayo ni ya kutundika ukutani.

Jumatano, 5 Machi
Adelaide, makao makuu ya jimbo. Mwendo wa saa nne kwenda, saa nne kurudi. Msajili kanipa cheti halisi kabla sijamaliza chai yangu. Hakina waridi hata moja. Aibu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekibwaga mbele ya Lorelle. Hakubisha. Kanipa karatasi nitie sahihi mpya, mkono ukaandika Hucknall! Akachana, akatoa nyingine. Hucknall tena! Ya tatu nimeandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Trembath. Nikalia palepale, sikujali. Lorelle kanipa tishu.

Nikamuuliza kama naye alisumbuka hivi alipoolewa. Kumbe hakubadilisha hata herufi moja. "Nibadilishe ya nini? Waume wanakuja na kuondoka, bibie." Masikini, hajui mapenzi.

Jumamosi, 8 Machi
N. Trembath! Dhahabu tupu, chini ya baba. Nimelia tena.

Aliyeliandika ni Merv Offord, mgane, fundi wa herufi. Mkono wake hautetemeki hata kidogo. Kanichomea soseji, kaweka vitunguu vingi bila kuombwa. Mwanamume haweki vitunguu vyote vile hivihivi.

Jumapili, 9 Machi
Offord hajaniuliza kitu, bado. Nimejaza kurasa mbili kwa sahihi mpya: N. Offord. Inapendeza mno. Mfungisha ndoa siku hizi ana vyeti vyenye kasuku, fremu nimeshaagiza.

Nimempigia Offord simu. Nimemuuliza, kwa kujua tu, kama ile dhahabu inakwanguka.