Mlango Usio na Nyuma

Hivi, wajukuu zangu, mmewahi kusikia mlango ukitangazwa kwa kipaza sauti? Sisi wa Ofisi ya Vizazi tulisikia. Jumatatu, saa tatu asubuhi, Naibu Mkurugenzi alipanda kitini akasoma: "Kuanzia leo, mlango wa bawaba wa chumba cha Mkurugenzi umestaafishwa kwa manufaa ya umma. Nafasi yake imechukuliwa na mlango wa kuteleza!" Tukapiga makofi. Mimi nilikuwa na birika mkononi, nikapiga kwa kifuniko.

Nawaeleza chanzo, maana nilikuwa mjumbe wa kamati ya mlango huo, upande wa chai.

Mkurugenzi wetu alikuwa na kazi nyingi, na kazi nyingi hazitaki watu. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu. Mwananchi akija, Katibu Muhtasi anamwambia, "Mkubwa hayupo." Akibisha, Katibu anaufungua mlango mpaka unalala kwenye ukuta wa kona. "Haya, tazama mwenyewe! Yuko wapi?" Mwananchi anaona meza, kiti, koti limetundikwa. Anaondoka. Mkurugenzi anatoka nyuma ya mlango, anaendelea na kazi. Chai ya saa nne nilimpa hukohuko nyuma, kikombe bila kisahani, kisije kikalia. Huo ni uongozi, msicheke.

Aliyeujua sana utaratibu huo ni Mama Mapacha. Alianza kuja na wanawe mmoja mgongoni, mmoja kifuani, akitafuta sahihi kwenye vyeti vyao vya kuzaliwa. Sasa walikuja kwa miguu yao, meno ya mbele yameng'oka, na shule ilikuwa imesema: mwisho wa mwezi, hakuna cheti, hakuna dawati.

"Shikamoo bibi. Leo yupo?"

"Marahaba mwanangu. Kiofisi, hayupo."

Siku hiyo alibisha sana. Katibu akapandwa na hasira, akausukuma mlango kwa nguvu zote. Kitasa kikampata Mkurugenzi chini kidogo ya kitovu. Ukuta ukalia, "Yalaa!"

"Nini hicho?" Mama Mapacha akauliza.

"Jengo la zamani hili," Katibu akajibu.

Kesho yake kamati ikaundwa. Fundi seremala akaitwa, penseli sikioni.

"Aliyeumia alikuwa amesimama wapi?"

Naibu akapekua karatasi zake. Hiyo ilikuwa siri ya ofisi; kwenye muhtasari tuliandika "mahali pa kazi."

"Sasa mnataka nini?"

"Mlango usiompiga mtu," akasema Naibu.

"Basi ni wa kuteleza. Unapita kwenye reli, unakaa huku nje kando ya ukuta. Ila nawaambia mapema, wakubwa: huo hauna nyuma."

"Fundi, wewe randa mbao. Ya nyuma na mbele tuachie wataalamu."

Turudi Jumatatu ile. Ilikuwa ndiyo siku ya mwisho wa mwezi. Mkurugenzi yuko ndani, anangoja kufunguliwa kwa heshima. Makofi hayajaisha, Mama Mapacha akapenya katikati yetu, kashika mapacha huku na huku.

"Yupo?"

Mazoea yana tabu. "Hayupo!" Katibu akafoka. "Tazama mwenyewe!"

Akausukuma mlango. Fundi alikuwa kaupaka mafuta vizuri, haukutoa hata mlio. Na pale konani, mbele ya wafanyakazi wote na foleni nzima, akaonekana Mkurugenzi: mgongo ukutani, tumbo kalivuta ndani, macho kafumba, kikombe changu mkononi.

Naibu akapiga makofi mawili, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Mama," akasema pacha mmoja, "anacheza kujificha?"

"Nimemwona mimi kwanza!" akasema mwenzake.

Mkurugenzi akafumbua jicho moja. Akatutazama. Hapakuwa na mlango wa kuvuta.

"Ndiyo, mama," akasema taratibu. "Ulikuwa unataka nini?"

Miaka sita, na swali hilo hakuna aliyewahi kumwuliza. Mama Mapacha akafungua mkoba, akaitoa bahasha iliyochakaa pembe.

"Sahihi mbili tu, baba. Kalamu ninayo."